Ndoo za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hakunywa maji katika nyumba ya mtu. Ukimkaribisha chai alikushukuru, akakishika kikombe kwa mikono miwili kama anayejipasha moto, akazungumza mpaka chai ikapoa, kisha akaaga. Kwenye misiba alikuwa wa kwanza kufika na koleo lake, akachimba kaburi pamoja na vijana, lakini sinia la pilau likipita alikuwa ameshasogea upande wa pili kuzungumza na mtu. Watu wa Kilole, mtaa wake pale Korogwe, walimzoea. Wengine walisema ana vidonda vya tumbo, wengine walisema anaogopa kulogwa. Mimi niliyemwoa binti yake ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba uchawi hakuuwazia hata kidogo. Alichoogopa ni mikono ya watu, na mahali ilikopita kabla ya kumfikia.

Alikuwa fundi friji. Habari za kuzaliwa kwake, na namna wazee wake walivyofika kwenye kambi za mkonge, wapo wanaozijua kuliko mimi. Mimi nilimkuta mtu mzima tayari, mrefu, ana mvi za pembeni, anavaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni hata katika joto la Korogwe la mwezi wa pili. Alikuwa na pua kubwa na aliitumia. Kabla hajasema neno juu ya kitu, alikinusa. Alinusa nyaya, alinusa mafuta ya kompresa, alinusa mkate aliouleta mwenyewe kutoka dukani. Siku ya kwanza nilipompa mkono na kumwambia shikamoo baba, aliitikia marahaba, na kabla hajauachia mkono wangu akauinua kidogo kuelekea usoni kwake. Nilidhani ni adabu ya kwao.

"Unauza nini, kijana?" akauliza.

Nikamwambia nina duka la dawa za mifugo pale mjini, si mbali na stendi.

"Nilijua," akasema, akaenda kunawa.

Friji zilimlisha, lakini kilichomwamsha asubuhi ni pombe. Alitengeneza bia nyumbani, katika chumba cha uani alichokijenga mwenyewe, akakipaka chokaa na kukiwekea sakafu ya saruji yenye mteremko ili maji ya kuoshea yatoke yote. Korogwe haina uhaba wa pombe. Kule Mpale wanakamua miwa na kutengeneza boha, na kwetu Handeni, tambarare kwa wafugaji wa Kimasai, wazee wana pombe yao ya asali. Yeye hakuzidharau. Alisema tu kwamba hajui nani amezikoroga. Hata bia ya baa hakuigusa, kwa kuwa aliwahi kutengeneza friji la baa moja akakuta stoo chupa zilizofunguliwa zikafungwa tena. Akaamua kwamba akitaka kunywa bia atajitengenezea, na kwa kuwa ni fundi, akatengeneza na vyombo.

Chumba chenyewe nilikijua kwa kuchungulia tu. Rehema, mke wangu, alikuwa akiingia alipokuwa mtoto, na kwa maelezo yake na kwa mlango ulioachwa wazi siku za jua nilijua vilivyomo. Kulikuwa na ndoo nyeupe zenye mifuniko ya kukaza. Kila mfuniko ulitobolewa tundu dogo, ukapitishwa mpira mwembamba kama ule wa dripu ya hospitali, na ncha ya mpira ikazamishwa katika chupa ya maji. Pombe ikichachuka, hewa yake inatoka kwa mapovu kwenye ile chupa, na hewa ya nje haina pa kuingilia. Ndoo hizo zilikaa ndani ya friji refu la duka la soda lililokwisha kazi yake. Alilifufua na kulifungia kifaa cha kuzuia lisigandishe, ili pombe ichachuke katika ubaridi wa asubuhi ya milimani badala ya joto letu. Kulikuwa na sufuria kubwa ya kupikia pilau ya arusi, kipimajoto chenye mnyororo, kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya pombe na kuonyesha sukari iliyobaki, na kifaa cha mkono cha kubania vizibo, alicholetewa na mteja wake aliyekwenda Nairobi. Na kulikuwa na koili ya shaba.

Koili hiyo ndiyo iliyomletea matatizo. Aliisokota kwa bomba jipya la friji, mizunguko imekaa vizuri kama kitanzi cha mchunga ng'ombe. Pombe ikishachemshwa, aliizamisha kwenye sufuria na kupitisha maji baridi ndani yake, sufuria nzima ikapoa haraka kabla wadudu wa hewani hawajaiona. Lakini yeyote aliyekulia Tanzania akiona bomba la shaba lililosokotwa ndani ya nyumba ya mtu, wazo la kwanza ni gongo, ile pombe kali iliyopigwa marufuku. Jirani aliyechungulia ukutani aliiona, akamwambia mwenzake, na kuanzia hapo mtaa mzima ulijua kwamba fundi friji anapika gongo na kwamba zile ndoo nyeupe ni za kuzugia.

Hata mimi nilidhani hivyo. Nimeokoka tangu nikiwa shuleni na pombe sijawahi kuionja, hivyo sikuweza kutofautisha harufu ya kinachochemka pale uani na harufu ya kitu kingine. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti changu karibu na geti, kwa maana ndipo alipopenda nikae, nikitazama moshi wa kuni ukipita juu ya bati, nikijiuliza nimeingia katika ukoo gani. Yeye naye alikuwa akinitazama kupitia dirisha la chumba. Tulitazamana namna hiyo kwa muda mrefu wa ndoa yangu.

Alikuwa na kanuni. Siku ya kupika hakuna kufagia uani, vumbi lisipande. Hakuna aliyekata kitunguu. Mtu aliyetoka kuchinja kuku hakuruhusiwa kupita upande ule. Vyombo vilioshwa, vikasuuzwa, vikamwagiwa maji yanayochemka, na baada ya hapo hakuna mkono uliovigusa isipokuwa wake. Aliamini kwamba kila pombe iliyoharibika kuna mtu aliyeishika, na pombe ikiharibika kweli alikaa na kuwafikiria wote waliokuja nyumbani wiki ile, mmoja mmoja, mpaka ampate. Kwa kawaida alinipata mimi.

Alikuwa pia na tabia ya kuuliza swali moja kwa watu wawili. Alimwita mama mkwe, akamwonyesha kimea cha ulezi kilichoanikwa juu ya bati, akamwuliza kama kimekauka. Kisha akamwita Rehema kando, akamwuliza hilohilo. Majibu yakilingana aliwashuku kwamba wameambizana. Yakitofautiana alikwenda kutafuna kimea mwenyewe. Mama mkwe ni Mwislamu, pombe haimhusu, lakini alimsaidia kuanika na kuanua kwa sababu ni mume wake. Aliniambia siku moja, akicheka, kwamba tangu aolewe naye hajawahi kumwekea chai mezani asiinuse kwanza, na kwamba mwanzoni alilia, siku hizi anasahau kama ipo tabia hiyo.

Na huyohuyo mtu, kibanda chake cha ufundi kule sokoni alikiacha wazi. Alikwenda kula, alikwenda benki, alikwenda kwa mteja Old Korogwe kule ng'ambo ya mji, na vifaa vyake vyote viko nje juu ya meza. Nilimwuliza kwa nini haogopi wezi. Alisema kifaa kikiibwa ananunua kingine, mwizi hamdhuru. Friji la zahanati likiharibika aliacha kila kitu na kwenda, hata kama ameshakoka moto chini ya sufuria, na pombe ya siku hiyo aliimwaga bila kunung'unika. Bia yake hakuiuza hata chupa moja. Wenye baa walimfuata, akawaambia mtu anayenunua kitu kwa siri atakitumia kwa siri. Alimpa aliyempenda, chupa mbili, akasimama hapo mpaka ziishe ili arudishiwe chupa zake. Mwenyewe alikunywa bilauri moja jioni, akiitazama kwenye mwanga kabla ya kuinywa. Sijawahi kumwona amelewa.

Sasa niseme habari ya pipa, maana bila hiyo haieleweki kwa nini alinichukia kwa uhakika namna ile.

Wakati wa mahari, baba yangu alisikia kwamba mkwe wake mtarajiwa anatengeneza pombe. Baba ni mfugaji na ni mtu wa kutaka kufurahisha. Juu ya ng'ombe na mablanketi akaongeza pipa la plastiki la bluu, kubwa, linang'aa, ambalo binamu yangu alilinunua mnadani. Lilishushwa uani mbele ya wazee wa pande zote mbili. Baba mkwe alilipokea kwa mikono miwili na kushukuru kwa maneno mazuri. Wageni walipoondoka, Rehema aliniambia baadaye, aliingiza kichwa ndani ya pipa akakaa nacho humo kitambo. Kesho yake alichoma msumari kwenye moto, akalitoboa pipa chini kila mahali, akaliweka nyuma ya choo la kutupia takataka.

Habari zilimfikia baba yangu. Kwetu zawadi ya mahari haitobolewi. Alikasirika kwa namna ya wazee wa kwetu, yaani hakusema kitu, akaacha kuuliza habari za wakwe. Mimi nilikuwa katikati, na Rehema alikuwa katikati zaidi yangu, kwani alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza na kila upande ulitaka ajibu kwa ajili ya upande mwingine.

Kisha binamu yangu akasema ukweli. Tulikuwa tumekaa nyumbani Handeni, baba akilalamika tena juu ya pipa, binamu akainamisha kichwa na kusema kwamba yule aliyemwuzia alikuwa akilitumia kuwekea dawa ya kuogeshea ng'ombe. Aliambiwa limeoshwa kwa sabuni mara nyingi. Naye akaliosha tena. Mimi ninayeuza dawa hizo najua sabuni haiitoi ile sumu kwenye plastiki. Kama baba mkwe angechachulia pombe humo, tungezika watu kabla ya arusi.

Nilirudi Korogwe na kwenda moja kwa moja Kilole kumwambia. Niliona ni haki yake kujua. Alinisikiliza amesimama, kitambaa cha kufutia chupa begani.

"Kwa hiyo mlijua," akasema.

"Hapana baba, hatukujua."

"Sasa mnajua," akasema, akarudi chumbani kwake.

Hakutangaza popote kwamba pua yake imetuokoa. Lakini kuanzia siku ile kila alichonishuku alikishuku akiwa na ushahidi. Ukoo wangu ulileta sumu nyumbani kwake mara moja, na mimi nauza sumu kila siku dukani. Nilikuwa naoga kabla ya kwenda kumsalimia, nabadilisha mpaka viatu, na bado aliniwekea kiti karibu na geti.

Mwaka mmoja joto lilikuwa kali na umeme ulikuwa unakatika. Alikuwa anajaza chupa zake. Katika hatua ya mwisho, kila chupa hutiwa sukari kidogo kabla ya kubanwa kizibo, ili pombe ipate gesi yake ikiwa imefungwa. Sukari ikizidi, gesi inazidi. Alikuwa katikati ya kazi hiyo niliposimama getini nikapiga hodi. Nilimletea nyanya kutoka kwa Rehema. Alitoka, akazipokea, akazinusa, akarudi ndani, na hakukumbuka chupa zipi zimeshapata sukari. Akatia tena zote ambazo hakuwa na hakika nazo. Hilo aliliungama mwenyewe baadaye, kwa namna yake, akiita kosa hilo "hodi yako".

Baada ya siku kadhaa, umeme ukiwa umekatika na friji limekuwa kama tanuri, nilipita asubuhi kuwajulia hali, nikakaa kidogo na mama mkwe, nikaenda dukani. Haikupita muda chupa zikaanza kupasuka. Ilianza moja, kisha nyingine, kisha nyingi kwa pamoja. Mama mkwe alilala chini sebuleni na kufunika kichwa kwa kanga. Mama Shaibu, jirani wa ukuta mmoja, alidhani ni majambazi wanapiga risasi, akapiga simu polisi.

Polisi walikuja na mgambo na mtendaji wa mtaa. Majambazi hawakuwepo. Kulikuwa na vioo mpaka darini, povu sakafuni, na ile koili ya shaba imening'inia ukutani. Baba mkwe aliitwa kutoka sokoni akakuta watu wenye viatu ndani ya chumba chake. Rehema alikuwa ameshafika, naye ndiye aliyenisimulia. Alisema baba yake hakuwatazama polisi wala vioo, alitazama viatu. Walimwuliza gongo liko wapi. Akawaeleza kwamba bomba linapitisha maji, halipitishi mvuke, akataka kuwaonyesha, nao wakacheka na kumchukua pamoja na koili yake. Alikaa kituoni mpaka alasiri, mpaka bwana afya alipokuja, akafungua chupa moja iliyosalia na kusema hii ni bia tu, tena nzuri. Wakampa onyo na kumwachia. Koili ilirudi imepinda. Aliinyoosha, ila haikurudi kama ilivyokuwa, na kila alipoizungumzia alionyesha kwa mkono mahali ilipopindia.

Jioni ileile alimtuma kwangu mshenga wa arusi yetu. Mzee wa watu alikuja amechoka na aibu, akakaa mkekani, akanieleza kwamba baba mkwe anasema nisiingie tena uani kwake. Anasema nilipita asubuhi, nikaona chupa, nikaenda kushtaki, kwa sababu mimi ni mlokole na pombe naichukia. Anasema binti yake na mjukuu wake wanakaribishwa wakati wowote.

Nilimwuliza mshenga kama yeye mwenyewe anaamini hivyo. Alisema kazi yake ni kuleta maneno.

Miaka hiyo ilikuwa mibaya. Rehema alikwenda kwao peke yake na mtoto. Nilikuwa nikiwasindikiza mpaka kona ya barabara na kusimama pale kama dereva wa bodaboda anayesubiri abiria. Mtoto alianza kuuliza kwa nini baba haingii kwa babu. Rehema hakuniuliza kama nilishtaki. Ila kuna usiku mmoja aliniuliza nilitoka kwao saa ngapi siku ile, nami nikajua kwamba hata yeye amekuwa akihesabu. Lile swali liliniuma kuliko marufuku yenyewe. Tuliishi na kile kidonda bila kukitaja, kila mmoja akimpimia mwenzake maneno.

Aliyetutoa hapo kwanza ni Mama Shaibu. Kwenye arusi ya binti yake, mbele ya wanawake wengi, alisema bila kuulizwa kwamba yeye ndiye aliyepiga simu siku ile, na kwamba chupa zikilia tena atapiga tena. Rehema alirudi nyumbani akilia, akanishika mkono na kukaa nao hivyo. Kesho yake alikwenda kumwambia baba yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nani alimpa Mama Shaibu namba ya polisi.

Aliyetutoa kabisa ni mama yangu. Alikuja kutoka Handeni kumwona mjukuu, na akasema hawezi kufika Korogwe asiwasalimie wakwe, hayo mengine ni ya wanaume. Nilimpeleka mpaka kwenye kona yangu, akaendelea na Rehema. Alichukua kibuyu cha maziwa, kile kirefu chenye mshipi wa ngozi na shanga. Baba mkwe alimpokea kwa heshima zote. Alipopewa kibuyu alifanya anavyofanya, akafungua kifuniko na kunusa. Rehema alifumba macho kwa aibu. Alipoyafumbua baba yake bado ananusa.

Akamwuliza mama yangu kibuyu anakiosha kwa kitu gani. Mama ana Kiswahili kidogo, cha mnadani, akamjibu kwamba maji hayaoshi kibuyu, kinachoosha ni moto. Akamweleza kwa mikono jinsi anavyochukua kijiti cha mti maalumu, akakichoma mpaka kiwe kaa, akakisugua ndani mpaka kibuyu kinatoa moshi, kisha akafuta majivu, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukishika mpaka maziwa yaingie. Baba mkwe akaagiza kikombe. Akanywa maziwa ya mtu mwingine, kutoka kibuyu cha mtu mwingine, mbele ya mke wake ambaye alikaa chini kabisa. Akanywa tena. Wakazungumza mchana wote juu ya moshi na majivu, mama kwa Kimaa na vidole, yeye kwa Kiswahili, na mama alipoondoka mzee alimsindikiza mpaka barabarani akanikuta nimesimama pale.

Hakuniomba msamaha, wala sikutegemea. Alisema, "Mama yako ni mtu safi," akageuka. Wiki ile mshenga alikuja kusema naweza kwenda kukaa uani. Kiti kilikuwa palepale karibu na geti.

Mara ya mwisho ninayoikumbuka vizuri ni baada ya yale mafua makali yaliyomlaza. Alipona akiwa amekonda, akarudi kazini, akarudi kwenye ndoo zake, na kila aliyemwona alisema mzee yuko vilevile, bado ananusa kila kitu. Jumamosi moja alasiri nilipita na dawa za kikohozi alizoagiziwa na Rehema. Mama mkwe alikuwa amekwenda kwa dada yake Old Korogwe. Nikakaa kwenye kiti changu. Alitoka chumbani, akanitazama, akatazama barabara kama kuna mtu, akasema nikanawe mikono.

Nilinawa. Akaniambia ninawe tena. Kisha akaniita ndani.

Sikuwahi kuvuka kile kizingiti. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, cheupe, kina baridi ya friji, na hakuna hata tone juu ya sakafu. Alivuta ndoo moja, akaachia mfuniko, akasimama kando.

"Nusa," akasema.

Nikainama nikanusa. Sijui bia inatakiwa kunukaje, na nilimwambia hivyo. Akasema hajaniuliza kama ni bia, ameniuliza inanuka nini. Nikainama tena. Kwa kweli nilikijua kile kilichokuwa mle ndani, nilikijua tangu utotoni. Nikamwambia mwanzoni kuna harufu tamu, ya uji wa ulezi. Chini yake kuna uchachu. Siyo uchachu wa maziwa mgando, ule ni mzuri, unaita mate. Huu ni wa kibuyu ambacho mtu amesahau kukipiga moto, akakining'iniza mlangoni na masalia ndani, kikakaa.

"Imeharibika?"

"Imeharibika, baba."

Alisimama akiutazama uso wangu. Nilingoja aanze kutaja walioingia uani wiki ile. Badala yake aliketi juu ya ndoo tupu iliyopinduliwa, polepole, kwa kushika ukuta.

"Tangu yale mafua sinusi kitu," akasema. "Nikinusa mbele za watu ni mazoea tu. Ukiniwekea mafuta ya taa na maji sitajua."

Nilimwuliza kama mama anajua. Hajui. Rehema? Hajui naye, na nisimwambie. Nikafikiria mtu huyu akikaa mezani kila asubuhi, ameinua kikombe puani, hapati kitu, na anakunywa. Nikaona jinsi miezi hiyo ilivyomtisha. Nikamwuliza kwa nini basi ameniambia mimi, wakati ana watu wake ndani ya nyumba.

Alilifikiria jibu kama anayetafuta hitilafu kwenye friji.

"Rafiki zangu wanakunywa. Watasema ni nzuri ili wanywe," akasema. "Mama yenu na Rehema hawanywi, lakini wananipenda. Watasema ni nzuri nisisononeke. Wewe hunywi, na hunipendi. Huna sababu ya kunidanganya."

Nilitaka kukanusha. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa ananitazama, na mtu yule ungemwambia uongo siku yoyote isipokuwa siku ile. Nikafunga mdomo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepimiwa uzito sawasawa.

"Shika upande huo," akasema.

Tukainua ndoo pamoja, tukatoka nayo, tukaimwaga kwenye mtaro wa nyuma. Hakumwita mtu mwingine wa kumwuliza. Pombe ilikwenda na povu lake mpaka kwenye migomba. Nilipokuwa naaga akasema Jumamosi inayofuata anapika nyingine, nije mapema, na nisipitie dukani.

Nilikwenda, na niliendelea kwenda, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka mvua za vuli tulipomzika. Nilikuwa naingia, nanawa, nanusa, nasema. Siri yake niliitunza mpaka alipokuwa kaburini, ndipo nikamweleza mke wangu yote.

Lakini jioni ile ya kwanza nilirudi nyumbani pombe imenirukia kifuani wakati wa kumwaga. Rehema alikuwa anapepeta mchele. Nikavua shati nikalitupa kwenye beseni la nguo chafu. Aliacha ungo, akaenda akaliokota, akaliweka puani.

Aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema kwa baba yako. Akaniuliza tulikuwa tunafanya nini muda wote huo. Nikasema tulikuwa tunazungumza.

"Wewe na baba," akasema Rehema. Akalikunja lile shati, akaliweka kando, mbali na nguo nyingine, na hakuniuliza tena.